Maswali na Majibu: Mchanga wa Karasha, Bwawa la Topesumu na Shimo Lililoachwa

Barua nne zimetufikia hapa Kisumu kutoka ukanda wa dhahabu wa magharibi, na zote zinauliza juu ya kile kinachobaki ardhini dhahabu ikishaondoka.

Nimemkodisha jirani sehemu ya shamba, akaweka karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Sasa anataka kuwauzia wenye matangi ya sayanaidi lile rundo la mchanga. Je, kuna ubaya, au ananiondolea taka? (Mama wa Nyatike, Migori)

Mama, ubaya upo, na si mdogo. Mchanga huo ulishapitia zebaki kwenye karai, na kwa kuwa zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu bila kuishika, wenye matangi hulinunua rundo kwa hamu ili waitoe kwa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Lakini sayanaidi haichagui: inapoyeyusha dhahabu huyeyusha pia zebaki iliyosalia, na mchanganyiko huo husafiri na maji kwa wepesi kuliko zebaki peke yake. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ambao Kenya iliuridhia mwaka 2023, unaitaja kazi hii hasa, yaani kutia sayanaidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuiondoa zebaki kwanza, miongoni mwa desturi zinazopaswa kukomeshwa.

Niliwahi kusimama kando ya rundo kama hilo baada ya mvua. Lilikuwa la kijivu, laini kama unga, limechongwa vijifereji na maji, na kila kijifereji kilielekea kwenye kijito walikochota maji watoto. Kwa hiyo usiruhusu matangi kuwekwa shambani mwako. Rundo na lihamishiwe mbali na maji, lizungushiwe mtaro, lifunikwe turubai, na mifugo isilikaribie. Kisha makubaliano yenu yaandikwe yakieleza ni nani atakayelisafisha eneo na kwa gharama ya nani. Jirani akikataa, ipelekee habari kamati ya kaunti ya wachimbaji wadogo, ambayo imewekwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2016.

Kampuni imeitisha baraza kuhusu mgodi mkubwa. Wazee wanauliza fidia tu. Mimi ninaogopa bwawa la topesumu, yaani la kuhifadhi tope la mabaki ya mgodi lenye kemikali. Niulize nini? (Kijana wa Ikolomani, Kakamega)

Fidia ni haki yenu, ila hofu yako ina msingi, na ningependa isikike barazani kabla ya saini yoyote. Uliza kwanza jinsi ukuta wa bwawa utakavyoinuliwa. Ukuta unaoegemezwa juu ya tope lenyewe kila unapoongezwa ndio wa bei nafuu, na ndio ulioporomoka Brumadinho, Brazil, Januari 2019, ukaua watu 270, ilhali bwawa hilo lilikuwa limeacha kupokea tope tangu 2016. Uliza sakafu ya bwawa itazibwa kwa nini ili maji yasipenye hadi visimani, mvua kubwa za kwetu zimepigiwa hesabu vipi, na ni kaya ngapi zitakuwa kwenye njia ya tope ukuta ukivunjika.

Kisha uliza juu ya kufunga mgodi. Sheria ya Madini, kifungu cha 180, inataka mpango wa kurekebisha eneo na kufunga mgodi uwasilishwe kabla ya leseni kutolewa, na kifungu cha 181 kinamtaka mwombaji aweke dhamana ya kulinda mazingira, inayotosha gharama za kazi hiyo. Hapo ndipo ninapowasihi wananchi wakaze uzi, kwa sababu mpango usio na fedha hautajaza hata shimo moja. Ombeni kuonyeshwa kiasi cha dhamana na hesabu iliyokizaa. Maoni yenu iandikieni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Yaliyosemwa kwa mdomo barazani hupotea. Leseni ya mazingira ikitoka nanyi hamjaridhika, rufaa hupelekwa kwenye Mahakama Maalum ya Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60.

Wachimbaji wameondoka, mashimo yamebaki. Naweza kujaza na kupanda muhogo? (Mkulima wa Bondo, Siaya)

Jaza, lakini usipande chakula bado. Mawe na mchanga wa machimbo uende chini, na ule udongo mweusi wa juu, kina cha jembe tu, urudishwe mwisho. Kama ulichanganywa na vifusi, utahitaji samadi nyingi na misimu kadhaa ya nyasi. Peleka sampuli ya udongo maabara ipimwe zebaki na aseniki kabla ya kupanda chochote cha kuliwa. Usiingie shimoni wala kusimama ukingoni ili ulijaze kwa haraka. Kingo za mashimo ya zamani hudondoka bila dalili.

Macalder ilifungwa zamani. Nani anawajibika kwa marundo yake? (Mwalimu, Migori)

Mgodi wa Macalder ulisimama mwaka 1966, miaka 50 kabla ya Sheria ya Madini ya sasa, wala hakuna dhamana ya kulinda mazingira iliyotakiwa wakati huo. Mawe yake yana salfa nyingi, nayo ikikutana na hewa na maji huzaa asidi inayochomoa metali na kuzipeleka mtoni. Hata hivyo hamjafungiwa mlango. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake ya mazingira safi inapotishiwa, na haimlazimu kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Anzeni na sampuli za maji, zilizochukuliwa mtoni kabla ya maji kufika kwenye marundo na baada ya kuyapita, siku moja, masika na kiangazi, tarehe na mahali vikiandikwa.