Kumkanda mtoto mchanga: mkono mwepesi unatosha

SWALI: Mtoto wangu ana wiki saba. Nyanya yake amekuja kutoka Murang'a kunisaidia, na kila asubuhi akishamwogesha humkanda kwa nguvu. Humvuta mikono na miguu ati mifupa inyooke, humning'iniza kichwa chini, kisha humtia tone la mafuta puani. Mtoto hulia hadi sauti inakauka. Sitaki kumkosea heshima mama mkwe. Nikimkanda mwenyewe nifanyeje? Nyumba yetu ina baridi, kwa hivyo huwa tunaingiza jiko la makaa ndani.
Mama wa mtoto wa kwanza, Pipeline

JIBU: Dada, tuanze na jiko, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuwaua nyote. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi usingizi tu, na asiamke. Litoeni leo. Mkandeni mtoto mchana nyumba inapopata joto kidogo, mfunueni sehemu moja kwa wakati, na kwingine mmfunike kwa leso. Chupa ya mafuta iwekeni katika bakuli la maji ya vuguvugu kwa dakika chache, kisha jaribuni tone kwenye kifundo cha mkono wako.

Kuhusu kumvuta: mtoto wa umri huo bado hukunja miguu kama alivyokuwa tumboni, nayo hunyooka yenyewe kadiri anavyokua. Nyonga zake sehemu kubwa ni gegedu laini, bado si mfupa mgumu, na ukizinyoosha kwa nguvu zinaweza kuteguka. Mafuta ya puani huteremka hadi mapafuni, yakaleta nimonia. Kumning'iniza kwa mikono yenye mafuta ni kumwangusha tu kunakosubiri siku. Na kama matiti yake yamevimba, msiyakamue: ni homoni za mama, yatanywea, lakini yakiminywa hupata jipu.

Sasa namna ya kumkanda. Subiri kama dakika 45 baada ya kunyonya, awe macho na ametulia. Vua pete, kata kucha, nawa mikono. Mlaze kwenye godoro au mkeka sakafuni, si juu ya meza. Mafuta nusu kijiko cha chai yanatosha. Yapake kwanza viganjani mwako.

Anza na miguu, maana watoto wengi huikubali upesi. Shika paja kwa kiganja kizima na uteleze polepole hadi kwenye kifundo. Uzito wa mkono uwe ule ambao ungeuweka juu ya kope lako bila kuumia. Ruka mahali alipochomwa sindano za wiki ya sita pajani. Mkono wa kushoto, alipochanjwa BCG (chanjo ya kifua kikuu), pengine sasa pana kipele: msikipake mafuta wala kukisugua.

Tumboni ndiko watu wengi hukosea upande. Ukiwa umemtazama, anzia chini upande wako wa kushoto, panda hadi chini ya mbavu, vuka kwenda kulia, kisha shuka. Utumbo mpana husukuma uchafu kuelekea huko, kwa hivyo ukienda kinyume unairudisha hewa ilikotoka. Zungusha mara tano au sita, halafu mkunje magoti taratibu kuelekea tumboni, uhesabu hadi tano, umwachie. Akijamba, mmefaulu.

Mgongoni pitisha vidole kando ya uti, kamwe si juu yake. Utosi usiubonyeze. Dakika 10 zinatosha, na kwa siku za kwanza hata tano. Akigeuza uso, akijipinda mgongo au akilia, acha. Kilio hicho si mazoezi, anakwambia amechoka.

Mama mkwe usimwondoe. Mwambie, "Mama, twende pamoja kliniki ya wiki ya kumi, muuguzi atuonyeshe nyonga zake." Mkono wake una uzoefu wa kumtuliza mtoto. Kinachohitaji kubadilika ni nguvu tu.

SWALI: Nina mapacha wa miezi mitatu. Mafuta ya kupikia ya alizeti yanafaa, au ninunue ya watoto yenye harufu?
Baba wa Kawangware

JIBU: Alizeti yanafaa, mradi hayajakaangiwa kitu. Ya nazi pia. Ya zeituni na ya haradali yaache, kwa kuwa hudhoofisha tabaka la juu la ngozi changa, na yenye manukato mara nyingi huleta vipele. Paka tone moja mguuni mwa kila pacha, subiri saa 24 uone kama pamewasha. Ukimaliza, jifute mikono kabla ya kumwinua, na usimkande mwenye homa, vidonda au upele unaotoa maji. Joto likifika nyuzi 37.5 kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana. Wako wamevuka umri huo, lakini pacha mwenye homa anayekataa kunyonya naye asisubiri asubuhi.