Jiko Lililokuwa Baridi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni filamu gani ya zamani iliyosafishwa upya tungependa wenzetu waitazame nyumbani. Jibu langu ni Ugetsu Monogatari ya Kenji Mizoguchi, iliyotoka Japani mwaka 1953.

Kisa ni cha karne ya 16, vita vimepamba moto kandokando ya ziwa Biwa. Genjuro, mfinyanzi, anaona vita vimemfungulia soko la vyungu vyake. Mwenzake Tobei hana la kuwaza ila kuwa samurai, na cheo anakipata kweli, kwa kupeleka kichwa cha jemadari ambaye wala hakumuua yeye. Wanaolipa gharama ya tamaa hizo ni wake zao. Genjuro naye ananaswa na Wakasa, bibi wa ukoo mkubwa, na kumbe huyo bibi alikwisha kufa zamani. Sisi wa pwani tuliolelewa na hadithi za jini mahaba tunamtambua mapema kuliko Genjuro.

Mara ya kwanza niliiona kwenye nakala mbovu, yenye mikwaruzo kama mvua isiyokatika. Palipokuwa na giza, hapakuonekana kitu. Mwaka 2016 shirika la Film Foundation la mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese na kampuni ya Kadokawa waliisafisha, na Masahiro Miyajima, aliyewahi kuwa msaidizi wa mpiga picha wake Kazuo Miyagawa, alikuwapo kushauri. Mwaka uliofuata Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu kama hizi, wakaitoa kwa diski. Filamu hupita picha 24 kila sekunde, na hii inazidi dakika 90, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni picha ngapi zilizofutwa vumbi.

Sasa mtumbwi ukivuka ziwa, ukungu unauona kwa matabaka yake. Kuhani anapomwandika Genjuro maneno ya kinga mwilini, kila mkato wa brashi unaonekana mgongoni, na Wakasa hawezi tena kumgusa. Anayejua kombe la zafarani hapo hahitaji mkalimani.

Ila mimi naiombea watazamaji kwa ajili ya kipande kimoja tu. Genjuro amerudi kijijini usiku. Anaingia ndani akimwita mkewe, Miyagi. Nyumba tupu, jikoni hakuna moto. Anatokea nyuma, anaizunguka nyumba kwa nje, na kamera inamfuata kutoka ndani bila kukatwa, ikirudi ilikotoka. Inapofika tena jikoni, moto unawaka na Miyagi ameketi anapika.

Niliitazama na mama. Kiingereza cha maandishi hakimpandi, basi nilikuwa nikimtafsiria kwa sauti ya chini. Pale nilinyamaza, maana hapakuwa na la kutafsiri. Mama akaninong'oneza, "Huyu mke ameshakufa. Lile jiko lilikuwa baridi sasa hivi." Kwenye nakala ile ya zamani mimi sikuwahi kuliona jiko lenyewe, lilikuwa limemezwa na weusi. Nilidhani mke alikuwa ndani muda wote.

Genjuro anakula, analala na mtoto kifuani. Miyagi anakesha akishona nguo karibu na taa mpaka kunakaribia kucha. Mama aliniomba niirudishe nyuma, nikairudisha mara mbili, na mara zote mbili macho yake yalikuwa kwenye mikono ya yule mwanamke.