Kuficha sanduku nje: shimo ndilo linalokusaliti

Swali lilikuwa hivi: yule mzee wa Marekani, Forrest Fenn, alifichaje sanduku la dhahabu kwenye Milima ya Rocky likakaa miaka 10 bila kuonekana, na maelfu ya watu wanalitafuta? Wengi hapa mmejibu kwamba alichimba shimo refu. Nakataa, na sababu zangu nimezipata kwa jembe, hapa hapa Kisumu.

Mimi ni mlezi wa skauti. Kila Agosti tunapopiga kambi, mchezo unaogombaniwa ni wa kutafuta sanduku. Ni lile la bati la wanafunzi wa bweni, dogo, nililoundiwa na fundi wa Kibuye. Ndani tunatia peremende, penseli, filimbi, na fulana ya mshindi. Mwaka wa kwanza nilijiona mjanja: nikaamua kulizika Januari, ili kufika Agosti udongo uwe umesahau. Tukaenda uwanda wa Kano, shambani kwa jamaa ya mlezi mwenzangu.

Mnaoujua ule udongo mweusi mshaanza kucheka. Januari ni mgumu kama tofali, umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Tulipiga sululu asubuhi nzima tukapata shimo la kufika gotini. Sanduku likaingia, tukafukia, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna mtu huniambia kwenye hizi hadithi za hazina: udongo uliotoka haurudi wote. Sanduku limechukua nafasi yake, na ule uliobaki umevimba kwa kuvunjwavunjwa. Ukiupanga juu unapata kaburi. Ukiutawanya, mabonge meusi mabichi yanalala juu ya nyasi kavu za rangi ya ngano, yanaonekana kutoka barabarani. Tulihangaika kuubeba kwa gunia hadi mtaroni. Tukigeuka, kijana wa kuchunga amesimama na fimbo yake, sijui tangu saa ngapi.

"Japuonj," yaani mwalimu kwa Kijaluo, akaniuliza kwa upole kabisa, "mmezika mbwa?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa cha kutupa pole, akaenda zake na ng'ombe.

Mvua ya Machi ilipoanza, udongo wa pembeni ulivimba ukaziba nyufa zake, lakini wa shimoni ukashuka. Mwezi wa Mei palikuwa na kidimbwi cha mraba, mraba safi kama kimepigwa rula, na bata wa mwenye shamba wanaogelea humo. Agosti tukachimbua: sanduku limelala upande, kutu imekula bawaba, kufuli halipo, peremende zimekuwa uji. Filimbi haikuwemo. Tukiwa bado tunatazamana, ng'ambo ya mtaro tukaisikia inalia, nyuma ya ng'ombe.

Kwa hiyo nasema, shimo lina ulimi. Mtu hatafuti sanduku, anatafuta mahali palipoguswa. Nyasi zilizong'olewa na kurudishwa hunyauka siku ya pili. Jani lililokuwa limelala kifudifudi likilala chali, rangi yake si moja na wenzake. Na huku kwetu magharibi kuna jambo la ziada: hakuna nje isiyo na mtu. Kila kichaka kina mwenye kuni zake, kila chemchemi ina wateka maji, na kwenye mapango ya mawe makubwa kama Kit Mikayi utakuta waumini wamefunga na kusali. Ukichimba usiku kule Ikolomani, wanakochimba dhahabu, asubuhi utakuta watu pale pale wamekuja na karai.

Mwaka wa pili sikugusa jembe. Nilipanda Kajulu, juu kwenye mawe, nikatafuta mwanya kati ya miamba miwili, wa kina cha mkono hadi begani, unaotazama upande wa mlima na si upande wa njia. Niliuchagua kwa kujiuliza swali moja tu: nani ana shughuli hapa? Hakuna nyasi za mbuzi, hakuna kuni, hakuna kivuli cha kupumzikia. Nikapanga kokoto chini ili maji yapite, nikalizungushia sanduku mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mdomo wa kifuniko, nikalisukuma ndani. Halafu jiwe la kuziba. Hili jiwe ndilo lenye kazi. Jiwe lililokaa juani miaka mingi lina madoa ya kijivu na manjano upande wa juu, na upande wa chini ni safi, una unyevu na vumbi la udongo. Ukilirudisha limepinduka, umeandika jina lako pale. Nililirudisha na madoa yake juu, nikamwaga konzi mbili za majani makavu niliyookota mbali, nikaondoka kwa njia nyingine. Miezi saba, hakuna aliyeligusa. Siku ya mchezo, mtoto wa kwanza kutia mkono alikutana na kenge, na mlima mzima ukasikia.

Sasa rudini kwa Fenn. Sanduku lake lilikuwa la shaba nyeusi, kama sentimita 25 kila upande na kimo cha 13 hivi, na pamoja na mali yake lilikaribia kilo 19. Hiyo ni jerikeni ya lita 20 ambayo kina mama wa Nyalenda wanaitwika kila asubuhi, ila yeye alikuwa na miaka karibu 80. Alisema mwenyewe alifanya safari mbili kutoka kwenye gari lake, alasiri moja. Mzee wa umri huo, kwenye mlima wa mawe na mizizi, achimbe shimo la maana, aondoe udongo uliobaki, arudi garini bila tope magotini? Alikataa katakata kusema kama alilizika au hakulizika, lakini mimi namwona akipata mwanya au shimo dogo la kiasili, akalitumbukiza, akavuta majani. Kazi iliyobaki waliifanya majani ya misonobari na theluji. Na shaba nyeusi haioozi kama bati langu, hubadilika rangi tu, ikafanana na mahali ilipolala.

Lilipopatikana Juni 2020 huko Wyoming, Fenn alisema lilikuwa chini ya nyota, katikati ya mimea ya msituni, na halikuwa limesogea. Chini ya nyota, si ndani ya pango. Watu watano walikuwa wamekufa wakilitafuta, na wengine wao ni mito iliyowachukua. Hilo bado linaniudhi, maana mtu mwenye mzigo mzito mikononi na umri ule hatavuka mto wenye kasi, tena mara mbili. Wangeanza na magoti ya mzee, wangerudi nyumbani.

Mwenye swali, kama unataka kujaribu na wanao, omba ruhusa ya mwenye shamba kwanza, na usiweke alama yako kwenye mti. Mwaka wa tatu niliandika "hatua 40 kutoka mti mkubwa, kuelekea ziwa". Agosti nikafika na skauti 26 nyuma yangu. Mti ulikuwa umeshakuwa makaa. Tulizunguka hadi saa kumi, na aliyelipata sanduku ni mpishi wetu, alipokuwa anatafuta mawe matatu ya jiko.