"Presha imeshuka, tumeacha vidonge"

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko Newala. Baba yetu, miaka 66, alipata kiharusi mwezi wa tano, upande wa kulia. Sasa anatembea, lakini anasahau mno. Korosho alishapeleka ghalani na hela amepokea, ila kila asubuhi anadai hajalipwa, na anamtuhumu mama. Jirani ametuletea mtu mwenye dawa ya kusafisha mishipa, tumeshanunua chupa mbili. Kwa kuwa presha imeshuka, vidonge tumeviacha ili dawa zisigongane. Je, kumbukumbu itarudi?

JIBU: Marahaba. Kumbukumbu baadaye, kwanza vidonge. Mpelekeni mzee kliniki kesho apimwe, na chupa hizo mwende nazo, daktari azione.

Presha ilishuka kwa sababu alikuwa anameza dawa. Mtu akisoma 130 kwa 80 kwenye karatasi anadhani amepona, anaacha, na hasikii chochote, maana presha haiumi. Kisha kiharusi cha pili kinamkuta shambani. Nimechoka kuisimulia hadithi hii, na bado kila wiki inaingia mlangoni kwangu na mgonjwa mwingine.

Kusahau kwa namna hii mara nyingi hushuka kama ngazi: mzee anakaa palepale miezi kadhaa, halafu anaanguka daraja moja kwa ghafla. Mara nyingi kila daraja ni kiharusi kingine, hata kile kidogo ambacho nyumbani hakuna aliyekiona. Kwa hiyo dawa ya presha ndiyo dawa yake ya kumbukumbu.

Sehemu ya ubongo iliyokosa damu ikifa, haioshwi ikarudi. Kinachorudi ni kile ambacho sehemu zilizobaki zinajifunza kukibeba, kwa mazoezi, zaidi katika miezi ya mwanzo. Hivyo baba anaweza kupata nafuu, lakini siwaahidi kwamba atarudi kama zamani. Anayeahidi hivyo mwulizeni ndani ya chupa kuna nini. Watu hawa wanaijua ratiba ya mnada wa korosho kuliko wakulima wenyewe: hela ikiingia tu, nao wameingia, Newala, Tandahimba, mpaka Ruangwa.

Mama asibishane naye. Mzee hasemi uongo. Tukio la malipo halikukaa kichwani. Wekeni daftari moja, aandike mwenyewe au atie alama siku aliyolipwa na kiasi, likae mahali pamoja. Akiuliza, mfungulieni ukurasa. Mwangalieni pia kama amenyong'onyea, halali, hataki watu. Sonona baada ya kiharusi ni ya kawaida, humzidishia mtu kusahau, na inatibika.

Tena, akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, msiseme "ndiyo ugonjwa wake", wala msimwite mganga wa majini. Huenda ni malaria, au mkojo una maambukizi. Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, tafuteni gari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.