Kamera 92 hazikuuona unyayo wangu

Juzi usiku nimetoka zamu, nimejitengea chai, nikakuta ujumbe wa msomaji wa Mombasa. "Dada, nilisoma ulipoandika kuhusu ile mashine ya Australia inayopiga picha mwili mzima. Mimi nina doa jeusi chini ya mguu, lina kama mwaka sasa. Niambie nipakue programu gani kwenye simu inipime kansa."

Chai ilipoa mkononi. Yule binti kauliza kwa nia njema kabisa, na aliyemfikisha kwenye swali hilo ni mimi. Miaka mitatu iliyopita niliandika hapa kwamba nimepimwa kuanzia utosini hadi vidoleni, niko salama, na wenye uwezo wafanye kama mimi. Makala ile ilizunguka sana, hadi shangazi yangu wa Muheza aliipata WhatsApp. Yaliyonipata baadaye sikuyaandika, kwa sababu niliona aibu. Leo nayaandika, na nitayaandika yote.

Naishi Brisbane, jimbo la Queensland, na kazi yangu ni kwenye nyumba ya kulea wazee. Queensland ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazoongoza kwa melanoma, ile saratani ya ngozi ambayo ikichelewa husambaa mwilini na kuua. Wenyeji wengi hapa ni watu wenye asili ya Ulaya, ngozi zao nyeupe, na jua la huku halina huruma. Tangu mwaka 1981 wana tangazo la shakwe anayewaimbia vaeni shati, pakeni krimu, vaeni kofia. Wazee ninaowaogesha, karibu kila mmoja ana kovu alipokatwa kitu: puani, sikioni, mgongoni. Nimebadilisha bandeji zao mpaka nikajua kuzisoma ngozi zao kama ninavyoisoma yangu. Kumbe yangu sikuwa naijua.

Ulipotangazwa utafiti wa ile mashine ya picha uliokuwa ukitafuta watu wa kujitolea, nilijiandikisha siku ileile. Sitaficha, nilijisikia fahari. Mtoto wa Tanga, aliyekuwa akitembea peku kwenda kuteka maji, leo anasimama katikati ya mashine ambayo hata hapa Australia si kila mji unayo.

Mashine yenyewe inaitwa VECTRA WB360, imetengenezwa na kampuni ya Canfield ya Marekani. Mtu anaingia katikati ya nguzo zilizojaa kamera, 92 kwa jumla, amebaki na nguo za ndani tu, mikono ameitanua kidogo isigusane na mwili. Taa zinamulika mara moja, basi, imekwisha. Baada ya hapo kompyuta inaziunga zile picha, na unajiona kwenye skrini kama sanamu inayoweza kugeuzwa mbele na nyuma. Kila doa limewekewa alama. Ukirudi mwaka unaofuata, programu ya akili mnemba (AI) inaulinganisha mwili wako wa leo na wa jana na kuonyesha hili jipya, hili limekua, hili limebadilika rangi. Nguvu yake iko hapo. Hakuna daktari anayeweza kukariri madoa 200 ya mgonjwa mmoja, ila programu haisahau hata moja. Naiheshimu teknolojia hii, na haya ninayosema siyasemi kuidharau.

Lakini nilikuwa nimesimama. Nimesimama kwa miguu yangu miwili, nyayo zimekanyaga sakafu. Kamera zote 92 zikanipiga kila upande, isipokuwa pale nilipokanyagia.

Niliambiwa. Muuguzi alisema, na karatasi niliyotia saini ilisema: nyayo, ngozi ya kichwa chini ya nywele na sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani hazimo kwenye picha, zitazamwe kwa macho. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku akili iko kwenye picha nitakayoweka mtandaoni. Sikumwonyesha mtu yeyote nyayo zangu.

Sasa sikiliza jambo ambalo natamani ningeambiwa nikiwa shule ya msingi. Kwa sisi weusi melanoma ni ya nadra, ila inapokuja, mara nyingi haiji usoni wala mgongoni. Inakuja kwenye unyayo, kiganja, au chini ya ukucha, na jua si sababu yake. Bob Marley ilimpata chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mwaka 1977 watu walidhani ni jeraha la mpira. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki, umri miaka 36, ikiwa imeshafika kwenye mapafu na ubongo. Ndio mwaka uleule shakwe wa Australia alipoanza kuimba habari za kofia na krimu.

Miezi kama minane baada ya picha zile kulikuwa na harusi ya jamaa zetu wa huku. Rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Pemba, ndiye mchoraji wetu wa hina. Akakamata mguu wangu wa kushoto, akaupandisha pajani mwake, akanyamaza kidogo. "Shoga, hili doa limeanza lini?" Nikajipinda nitazame. Karibu na kisigino, upande wa ndani, doa la kahawia iliyoiva, ukubwa wa punje ya kunde, ukingo mmoja umechakaa kama karatasi iliyolowa. Nikamjibu labda nimejigonga. Akasema, "Nilipite pembeni?" Nikamwambia asilipite. Achore ua juu yake.

Akachora ua, akalikoleza kwa piko, ile rangi nyeusi. Lilipendeza kweli. Nilienda harusini nikacheza hadi alfajiri nikiwa na ugonjwa chini ya mguu na ua juu yake.

Wiki mbili baadaye rafiki yangu akanipigia kuniuliza nimekwenda hospitali, akanigombeza mpaka nikaona haya. Nikaenda kwenye kliniki ya mtaani. Daktari aliutazama unyayo kwa muda wa kufumba na kufumbua, akauliza ile rangi nyingine ni ya nini, nikamweleza habari za hina na piko. Akacheka kwa upole, akasema basi na hilo ni piko, na watu wa ngozi yako hawana haja ya kuhangaika na melanoma. Neno hilo bado linaniuma. Hakuwa na ubaya, alikuwa mchangamfu, hata akaniulizia watoto. Ila alinirudisha nyumbani. Nami, mtu wa kazi ya afya, nikashukuru na kuondoka.

Binti yangu hakuridhika. Akapakua programu ya simu inayodai kutambua saratani ya ngozi kwa picha, akanipiga unyayo, ikafikiria sekunde chache, ikatoa alama ya kijani: hatari ndogo. Kwa hiyo nilikuwa na mashine kubwa iliyosema salama, daktari aliyesema piko, na simu iliyosema kijani. Wote watatu walikuwa upande niliotaka kusikia.

Kilichoniokoa ni kitu cha bure. Binti yangu alianza kunipiga picha kila Jumapili, mguu juu ya mto, karibu na dirisha, na sarafu ya senti 10 pembeni. Hina ikaanza kupauka. Ua likafifia, petali moja moja, piko likaondoka pamoja nalo. Wiki ya saba unyayo ulikuwa mweupe wa kawaida, na doa liko palepale, peke yake, na ukilipima kwa ile sarafu limepanuka kuelekea kidole.

Nikarudi na picha saba kwenye simu, nikamwomba daktari mwingine. Huyu hakubishana nami. Alitoa dermoskopu, kile kioo kidogo chenye taa cha kukuzia ngozi, akaniunganishia kwenye skrini nione mwenyewe. Ngozi ya unyayo, ndugu zangu, ni kama shamba la viazi: ina matuta na mifereji. Doa lisilo na madhara kwa kawaida rangi yake hulala kwenye mifereji. Melanoma inapoanza hupanda kwenye matuta. Madaktari wa Japani, ambako kati ya melanoma zote aina hii ndiyo inayoonekana zaidi, ndio waliotufundisha kulitofautisha hilo. Langu lilikuwa juu ya matuta, mstari baada ya mstari. Akaniambia pia kwamba rangi ya kupaka nayo inaweza kukaa juu ya matuta na kumdanganya hata mtaalamu, kwa hiyo ua langu lingeweza kumchanganya yeyote. Nililia palepale kwenye kitanda.

Wakakata kipande kidogo cha ngozi, wakapeleka maabara. Majibu: melanoma, bado iko kwenye tabaka la juu la ngozi, haijashuka. Ikitolewa yote katika hatua hiyo, kwa kawaida habari inaishia hapo. Ilitolewa pamoja na ukingo wa ngozi nzima kuizunguka. Nilitembea kwa magongo, nikakosa kazi wiki kadhaa, nikajifunza kuoga nimekaa kama wazee wangu. Hayo yamepita, alhamdulillahi.

Tukirudi kwenye ile simu ya kijani. Programu hizi hazina macho, zina kumbukumbu ya picha zilizofundishiwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliifundisha programu kwa karibu picha 130,000, ikawafikia madaktari bingwa wa ngozi katika kutambua saratani. Dunia ikashangilia. Mwaka 2022 watafiti wa chuo hichohicho wakakusanya picha 656 za ngozi za rangi mbalimbali, ugonjwa wa kila moja umethibitishwa, wakazipima programu kadhaa. Kwenye ngozi nyeusi uwezo ulishuka. Zilipofundishwa upya kwa picha zilizochanganyika, zikaimarika. Yaani akili mnemba haituchukii, haikuonyeshwa miguu yetu ya kutosha. Ndiyo maana bado ninahimiza mtu mweusi akiombwa kujitolea picha kwenye utafiti unaoeleweka, aende, ila akifika anyanyue mguu na kuuliza huu mtaupigaje.

Mdogo wangu wa Mombasa, na nyote mlioifuata makala yangu ya kwanza: usipakue programu ili ikwambie uko salama. Tumia kamera ya simu kama kumbukumbu. Kaa karibu na dirisha, weka sarafu pembeni, piga nyayo zote mbili, viganja, kucha zikiwa hazina rangi, kati ya vidole. Hifadhi na tarehe. Baada ya miezi mitatu piga tena, sarafu ileile. Nyayo zetu nyingi zina madoa na hayana neno, kwa hiyo doa peke yake lisikutie kiwewe. Kinachotafutwa ni badiliko: limekua, limechakaa ukingo, lina rangi mbili, linatoa damu, au mstari mweusi wa ukucha unaopanuka. Ukiona badiliko, tazama unyayo tena, kisha nenda. Lako wewe lina mwaka, kwa hiyo usisubiri miezi mitatu, nenda wiki hii hospitali ya rufaa na uombe kliniki ya ngozi. Kwa walioko Tanzania, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na madaktari waliopita pale wako mikoani na nchi jirani. Ukifika usiseme "nahisi". Sema "limebadilika, picha hizi hapa." Daktari akikujibu kwamba watu weusi hawapati ugonjwa huo, mwombe kwa adabu alitazame kwa kioo cha kukuzia au akuandikie rufaa. Usiondoke kama nilivyoondoka mimi.

Na jamani, wenye ualbino kwenye familia zetu msiwachanganye na habari hii ya nyayo. Kwao jua ndilo adui, na saratani huanzia usoni, masikioni, shingoni, mikononi. Kwao kofia pana, mikono mirefu na krimu kama Kilisun, iliyoanza kutengenezwa hapohapo KCMC, ni suala la uhai. Kidonda cha sikio kisichopona wiki nne kisiitwe kidonda cha jua. Kipelekwe.

Idi iliyopita tulikusanyika tena kwa yule rafiki yangu wa Pemba. Siku hizi kabla hajafungua pakiti ya hina anawasha taa ya mezani, anakuwekea mguu pajani, anautazama unyayo wote mpaka kati ya vidole, kisha wa pili. Wanaomlalamikia kwamba foleni ni ndefu anawaonyesha kovu langu. Mwaka huu amekataa kuwachora wawili mpaka waende hospitali. Mmoja alikutwa na sugu tu, akarudi na kuchorwa. Mwingine amekatwa kipande cha ngozi cha kupima Alhamisi, tunasubiri majibu.