Julai Ufukweni: Ulizeni Maji Kwanza

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kizota, Dodoma. Mwezi Julai mimi na mwenzangu tutashuka Dar es Salaam kwa treni ya SGR kumsalimia binti yetu, na tumetenga siku moja ya kutembea ufukweni Bagamoyo. Majirani wanatucheka, eti nani aendaye baharini wakati wa baridi. Je, tuahirishe hadi Desemba?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Msiahirishe. Baridi wanayoizungumzia majirani ni ya kwetu Dodoma, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri ya Julai hakuna atokaye bila sweta. Pwani, mwezi huohuo, joto la mchana hukaribia nyuzi 29, na hewa haina ule unyevu wa Desemba hadi Machi unaolowesha shati kabla hujafika getini.

Cha kuulizia ni maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hupwa mno, na katika mwambao wetu hufika chini kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi. Chagueni siku kama hiyo. Anzeni mnamo saa mbili, maji yakiwa bado yanashuka, kwa sababu mchanga uliotoka kuachwa na maji huwa mgumu na mguu hauzami. Mtawaona kaa wadogo wakikimbia upandeupande kuingia mashimoni. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo, saa nne hiyohiyo mtakuta maji yamejaa na mmebakiziwa ukanda mwembamba wa mchanga laini, ambao magoti ya wastaafu (nami nimo) hayaupendi.

Julai ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Basi tangulieni kuelekea kusini, mkiukabili upepo, ili wakati wa kurudi, mkiwa mmechoka, uwe mgongoni. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, yako upande huohuo, kama kilomita 5 kutoka mjini, lakini mikoko huwakatizia njia watembeao ufukweni. Afadhali kuyaendea kwa bajaji.

Upepo huo huficha ukali wa jua, hivyo vaeni kofia pana na mikono mirefu hata kama hamsikii joto. Kandambili hazifai penye mwamba, kwani miiba ya wanyama wa baharini hupenya. Jioni ya kuamkia siku hiyo waulizeni wavuvi saa ya maji kupwa, na msipite sehemu zisizo na watu bila mwenyeji; simu na fedha nyingi ziacheni kwa binti yenu.