Ndoo kwanza, msumeno baadaye

Wiki hii twiga watatu wa mawe wamevunjika miguu kwenye kibanda kimoja cha wachongaji hapa Tabaka, Kisii, na vijana wote watatu wamelaumu jiwe. Jiwe letu hili la sabuni limelaumiwa tangu nikiwa na nywele kichwani. Nyinyi mliokuja juzi, someni hapa kabla hamjaharibu lingine.

1. Chonga jiwe likiwa bichi. Lililotoka machimboni jana linakatika kwa panga kama muhogo. Lililoanikwa juani linakuwa sugu, tena linatoa vumbi, na vumbi hilo linahamia kifuani. Lowesha, funga kitambaa puani.

2. Mwagia maji, halafu ngoja. Mnamwaga, mnaona rangi imewaka, mnarukia msumeno. Kaa chini! Uso ukikauka, ufa unabaki na maji yake, unaonekana kama unywele mweusi. Unywele huo ndio tunaoutafuta.

Mimi niliuona, na ndicho kinachoniuma mpaka leo. Nilikuwa mwaka wa nne kazini, nikapata oda ya mama na mtoto, futi mbili, jiwe la pinki. Pinki safi ya ukubwa ule haipatikani kila siku. Mstari ukapita palepale nilipopanga shingo. Fundi wangu akaupitishia ukucha, akasema, "Hili kata bakuli." Bakuli! Na mimi nimeshawaambia nyumbani kwamba karo ya mdogo wangu imepatikana. Nikangoja mzee aende mazishini, nikaanza kuchonga.

Wiki tatu. Nikigonga begani kwa kidole, jiwe linalia. Nikigonga shingoni, linasema pu, kama mtungi uliopasuka. Nikachanganya unga wa jiwe lenyewe na gundi, nikajaza, nikasugua, nikalipasha moto na kulipaka nta. Ufa ukapotea. Wallahi nilikionea fahari kiraka kile kuliko sanamu. Mama aliyekuwa akinisugulia kazi kwenye karai alipitisha kidole gumba pale shingoni, akanitazama, akaendelea na msasa wake bila neno. Nikajifanya natafuta tupa.

Mwezi haujaisha, konda wa matatu ya Nairobi akanikabidhi boksi la sabuni. Ndani, kwenye gazeti, kichwa cha mama. Kichwa tu, hata barua hakuna. Nililipa deni lile miezi kumi na mmoja kwa kuchonga visahani vya sabuni, na nadhani mnunuzi alichagua boksi lile makusudi. Mzee wangu hakunigombeza. Alikitundika kile kichwa juu ya mlango wa kibanda, na wageni wakiuliza anajibu, "Hiyo ni oda ya kijana wangu."

3. Twiga: acha jiwe katikati ya miguu mpaka shingo na masikio yaishe. Mguu mwembamba hauvumilii patasi inayogonga juu yake.

4. Usiruke namba za msasa. Mikwaruzo utakayoiacha, nta itaitangaza.

5. Waheshimuni akina mama wa karai. Nyinyi mnaondoka jiwe likiwa na rangi ya majivu. Wao ndio wanaokuwapo mishipa myekundu inapojitokeza chini ya maji, kidogo kidogo, kama mtu anayeamka. Mimi saa hiyo huacha kazi yangu nikaenda kuchungulia, na umri huu. Na msiniambie jiwe letu ni la vinyago vya watalii tu. Mchongaji Elkana Ong'esa ni wa hapahapa Tabaka, na sanamu yake ya Ndege wa Amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris.

Kesho lori linashusha mawe, meupe mengi na pinki kidogo. Kila mtu aje na ndoo. Atakayetangulia na msumeno atashinda siku nzima amekipakata kile kichwa, kwa sababu bado ninacho.